Mume wa Bi Tabia anayejulikana benki tu

Mansour, ujumbe wangu umeuona tangu asubuhi, ukageuza uso. Likija suala la benki wewe ndivyo ulivyo.

Basi sikia. Bi Tabia katoka benki sasa hivi, kakaa kwenye ngazi za nyumba hapa mtaani kwetu Bertrams, mtandio kaushusha mpaka usoni.

Kumbe miaka yote hii akaunti yake inakatwa bima ya mazishi ya mume. Ya mume! Bi Tabia, ambaye hajaolewa tangu azaliwe!

Kaenda kudai arudishiwe. Binti wa dirishani akamwambia karatasi za zamani zimeshateketezwa. Kisha akamuuliza, "Mama, siku ile ya kufungua akaunti, ulipoulizwa kama una mume, ulijibu nini?"

Bi Tabia, mkweli wa watu, akasema, "Nilijibu sharp."

Sharp, Mansour! Alikuwa mgeni nchi hii, Kiingereza hana, na watu wa mtaa wa Joubert Park walishamfundisha kwamba ukiulizwa lolote, sema sharp, yaani ndiyo, sawa.

Foleni nzima ikacheka. Yule mlinzi Mkongomani akamtupia kwa Kiswahili, "Mama, bwana anasemaje huko nyumbani?" Bi Tabia akatoka bila kuaga.

Ananiambia, "Mwanangu, yaache. Waendelee kukata." Waendelee! Kwa sababu ya aibu!

Binti kasema shahidi anakubalika. Mimi sisahau: aliyekaa naye mezani siku ile, akijifanya mkalimani huku akiitikia kwa kichwa tu, ni wewe. Benki inafunga saa tisa na nusu. Funga duka, uje sasa hivi.