Kaa wa Mto Aliyekula Maneno

Yaya Lin wangu,

Huku Buffalo, mtaani kwetu Black Rock, theluji inaanguka polepole kama haina safari. Leo asubuhi nilisinzia kwenye basi nikakuona ng'ambo ya mto, umevaa ile fulana yako ya kazini, unaniita. Nilipoamka nilikuwa nimepita kituo changu.

Unakumbuka lile ghala la South End, kule Louisville? Tulifunga maboksi meza moja, wewe Mchina, mimi wa Uvira, Kiingereza chetu cha kuokoteza. Nilikuita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Wakati wa chakula tuliongea kwa simu yako: unaandika Kichina, yenyewe inatoa Kiswahili.

Siku moja ikatoa, "Kaa wa mto amekula maneno ya mama." Nikadhani kwenu wamepika kaa. Nikaijibu simu kwa furaha, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Bon, balikula muzuri," yaani sawa, walikula vizuri. Uliposoma tafsiri ulicheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa ya kweli.

Ndipo ukanieleza. Mama yako alikuwa ameandika mtandaoni kwamba maji ya mto wenu yananuka, na maneno yake yakafutwa. Watu wa serikali wanaofuta husema wanalinda utangamano. Kwa Kichina neno hilo linafanana kimatamshi na kaa wa mto, basi watu wa kawaida wanamsingizia kaa. Majirani wakaandika upya, safari hii maji wakiyaita chai. Nikakuambia kwetu pia ukweli hupita vibarazani, tunauita radio trottoir. Tangu hapo, kila tulipofungua vyakula vyetu, ulinitania: "Balikula muzuri."

Ukahamia Columbus, Clintonville, kwa mwanao, halafu ukarudi China kumuuguza mama. Huko ukaandika mwenyewe habari za yale maji, kwa jina lako. Ukurasa wako ukatoweka. Hata mwanao hakupati kwa simu. Nimeogopa sana, yaya.

Nikaanza kuwatafuta mtandaoni, kwa mashine ya tafsiri, watu nisiowajua, wanaoandika juu ya chai. Jana, chini ya picha ya mto wenu, katikati ya Kichina kitupu, mtu asiye na jina wala sura alikuwa ameandika: "Balikula muzuri."

Mashine ingeandika "Walikula vizuri." Yale maneno ni ya mdomo wangu mimi, na huko ni wewe tu unayeyajua. Nililia jikoni, sufuria ikaungua. Kisha nikaandika chini yake neno moja tu, "Bon," na mpaka sasa kaa hajaligusa.

Kula muzuri, yaya.

Mdogo wako wa meza moja