Mstari Mmoja Katika Barua ya Maji

Kamina, siku ya tatu ya juma. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na robine, bomba la maji la uani kwetu, imefungwa.

Nimechoka moyo. Ninaandika kwa sababu hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumtazama usoni.

Wiki tatu nimehangaika na barua ya kwenda biro, ofisi ya maji. Shida yenyewe si kubwa kuieleza. Sisi wanne tunaofua nguo za watu hapa cité, mtaa wetu watu weusi, tunalipishwa maji bei ya kiwanda. Mzungu mmoja anayefua kule mtaa wao, mwenye mashini mbili, analipa bei ya nyumba. Bomba ni lile lile. Tuliomba bei moja, basi.

Mimi njo nilipewa kuandika, kwa kuwa nilisoma misioni ya Kimetodisti na kila Jumapili ninafundisha watoto kanisani. Shemeji Ilunga, kaka wa mke wangu, naye ni mmoja wa sisi wanne. Ni Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Baba Banza, andika bei ya mayi iko nguvu, weka majina yetu, funga. Usiongeze kitu."

Niliongeza.

Nilitaka waone kwamba hatupotezi maji. Nikaandika, kwa Kifaransa safi, kwamba nguo tunazipiga sabuni nyumbani, halafu tunakwenda kuzisuuza mtoni ili tuokoe maji ya bomba. Ni kweli tupu. Na kusema haki, nilikipenda kile Kifaransa changu.

Leo asubuhi wakaniita. Bwana wa biro alisoma barua yote, akaisifu, akauliza nilisoma wapi. Nikamjibu nikitabasamu, mjinga mimi. Ndipo akaweka kidole kwenye ule mstari wa mto, akamwita mwenzake wa idara ya afya. Kusuuza nguo za wateja mtoni kumekatazwa. Cité nzima inajua kwamba tunasuuza huko, ila hakuna aliyewahi kuliandika na kutia sahihi chini. Juu ya bei hakusema hata neno moja.

Mchana walikuja wakafunga robine zetu zote nne na kuchukua ruhusa zetu za kazi.

Mke wangu, Mama Banza, alikuwa na povu hadi viwikoni. Mapipa yalikuwa yamejaa nguo za watu wa reli, zenye sabuni, na wenyewe wanazitaka kesho. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Bale benzako batatu, utabaambia nini?"

Tulizitoa nguo nje, tukazitundika kwenye kamba mvua izisuuze. Ilunga alikuja akatusaidia kukamua mpaka ya mwisho. Afadhali angenitukana, kwa sababu ile kazi njo ilikuwa inalisha nyumba yake, na mimi njo nimeiua kwa mkono wangu.

Kama ningedanganya, au ningenyamaza tu, kesho sote wanne tungeamka tukafua.

Somo la watoto Jumapili hii ni juu ya kusema kweli. Nililitayarisha juma lililopita, bado liko hapa mezani, pembeni ya nakala ya barua. Watoto wa wale wenzangu wawili wengine hukaa benchi ya mbele kabisa.

Nitafungua kinywa niwaambie nini?