Kiti cha Mgeni Ofisini Kwangu

Mama Dorsila,

Najua huko uliko hakuna posta, lakini mimi sijawahi kushindwa kufikisha salamu. Nilifika Kampala sijui mtu, nikafika Mwanza kwa meli, na kote waliniandalia chakula. Barua hii utaipata.

Kwanza habari za huku. Ile ofisi yetu ya ustawi wa jamii karibu na soko wameipaka rangi ya kijani. Meza yetu yenye mguu mbovu amepewa msichana mmoja mpole. Anaogopa mbwa wa nyumba anazotembelea, lakini nimemwambia atazoea, hata mimi uliniokoa na wangapi?

Mimi niliondoka, kama nilivyokuambia. Sasa ni ofisa wa wafanyikazi kwenye kiwanda cha pamba. Usicheke. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, lakini mdomo wangu umefika chuo kikuu. Meneja, Bwana Kamau wa kutoka Nyeri, alitaka mtu wa kuongea na kiwanda kizima, nami nikamsalimia kwa Kijaluo, Kiluhya, Kiganda na Kihindi cha dukani kabla hajaniambia niketi. Akanipa kazi. Akanipa na kiti kinachozunguka, Mama. Kinazunguka kweli! Wiki ya kwanza nilikizungusha mpaka kichwa kikaniuma.

Lakini kuna neno uliniachia. Nilikuja kwako Bondo ukiwa kitandani, nimevaa tai, nimebeba sukari na samaki, nikakupa habari za kazi mpya. Ulicheka mpaka ukakohoa, kisha ukasema, "Zablon, miaka yote nimekufundisha kuingia nyumba za watu. Sasa unaenda kuwatoa watu mlangoni?" Nikajibu kwa mzaha, eti mlango wenyewe ni wa chuma na una mlinzi wake. Ulitabasamu, lakini swali hukuliondoa. Ulituacha kabla mvua haijaisha, nami nikabaki nalo.

Basi sikiliza. Baada ya mafuriko ya tambarare za Kano, Odhiambo wa mashine za kusokota nyuzi aliacha kuja kazini. Zamu yake ni ya usiku. Bwana Kamau akaniambia, "Huyo mwondoe. Watu wamejaa getini wanataka nafasi yake." Nikamwomba niende nimwone nyumbani kwanza. Akacheka. "Zablon, wewe ni ofisa au padri?"

"Bwana, padri haruhusiwi kuoa," nikamwambia, nikapanda lori la kiwanda mpaka Ahero. Kutoka hapo nikatembea kwenye tope. Vile viatu vyangu vya kung'aa, Mama, ungevililia.

Nilimkuta Odhiambo juu ya paa anaezeka nyasi, kwenye kiinuko, mbali na pale boma lake lilipokuwa. Chini mkewe anapuliza moto, na jogoo amefungwa mguu. Nikasimama na tai yangu, mdomo wazi, tayari kumuuliza mbona haji kazini. Nikakusikia kichwani mwangu. "Zablon, keti kwanza! Umemsimamia mtu kama askari wa kodi." Hapakuwa na kiti ila karai lililopinduliwa. Nikalikalia. Nikauliza watoto, nikauliza ng'ombe, nikanywa uji.

Ndipo akasema mwenyewe. Maji yalibeba nyumba, naye akahamisha boma. Unajua sisi Wajaluo: mtu akifungua boma jipya huingia na jogoo, na hawezi kulala nje yake mpaka siku zake zipite, la sivyo amelivunja. Na kazi yake ni ya usiku. "Ningemwambia nini yule meneja?" akasema. "Kwamba jogoo amenikataza?"

Tulicheka mpaka mkewe akatufokea. Kisha nikamuuliza mbona hakuniambia mimi, mtu wa kwao. Akaangalia mikono yake. "Ofisa, kwako tunaongea tukiwa tumesimama. Kiti ni kimoja, na umekikalia wewe."

Mama... kile kiti kiliacha kuzunguka hapo hapo.

Nilirudi nikamweleza Bwana Kamau yote, hata ya jogoo. Akasema kwao pia nyumba mpya ina mambo yake. Tukambadilisha Odhiambo na mtu wa zamu ya mchana. Boma limesimama, kazi anayo. Siku hizi Bwana Kamau ananiita Padri mbele ya watu, nami naitika vizuri, maana sauti ninayo.

Nimeweka kiti cha pili ofisini, cha mbao, cha mgeni. Nilitaka kile kigoda chako ulichokuwa ukikalia jikoni, lakini wanao walikataa, na walifanya vyema. Sikufichi, wengine nitawatoa. Juzi nilimtoa mmoja aliyempiga mwenzake kwa chuma. Lakini nilifika kwake kwanza, nikala kwake, na siku ya kumwambia aliketi. Alilia akiwa ameketi, nami niliketi naye.

Hilo ndilo jibu langu. Limechelewa, najua. Nakuahidi hakuna atakayepita mlango ule kwenda nje kabla mimi sijapita wake kwenda ndani. Nikisahau, njoo hata ndotoni uniite askari wa kodi.

Oriti, Mama, kwaheri. Kaa salama huko. Na kama wamekupa kiti, niwekee kando yako kingine. Si lazima kizunguke.

Mtoto wako wa kazi,
Zablon