Siombi Radhi kwa Dakika Zangu Sita

Nyumba za Walimu, Namba 6,
Chuo cha Ufundi,
S.L.P. 412.

Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na wanangu. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia daktari amekukataza kunyanyua majokofu peke yako, nami nakujua, hujamsikiliza. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, macho tu ndiyo yanamsumbua, na wapwa zako wote wawili wamenipita kimo.

Ujumbe wako wa juzi nimeupata. Unasema utampigia simu mkuu wa chuo uniombee msamaha, kwa kuwa mlikaa dawati moja shuleni. Nakuomba, kaka, usimpigie. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Umeambiwa kwamba sifundishi. Ngoja nikwambie nilivyokuwa nafundisha. Chuo kilipoanza masomo ya mtandaoni kwa wanafunzi walio kazini, nilifanya kama wenzangu wote: najifungia sebuleni, nafungua slaidi za umeme wa majumbani, nazisoma saa moja na nusu. Kwenye kioo cha kompyuta naona majina thelathini na nane, kamera zote zimezimwa. Siku moja nikamaliza, nikashusha pumzi, ndipo nikaona maiki yangu ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Kipindi kizima nilikuwa nazungumza na pazia. Hakuna hata mmoja aliyenishtua. Wawili waliandika, "Asante mwalimu, tumeelewa."

Nilicheka sana, kisha nikalia. Niliona aibu kwa miaka yote niliyodhani kwamba nikisema, mtu anajifunza.

Wiki iliyofuata nikageuza kibao. Sasa wanapata mapema video ya dakika tano, nyepesi isiyomaliza data, pamoja na kazi moja: chora jinsi umeme unavyopita katika nyumba unayolala, piga picha kila soketi, usifungue kitu. Kwenye kipindi nawagawa wanne wanne, kila mmoja na tatizo la nyumbani kwake. Wanabishana, wanachora upya, wanaelezana. Mimi napita kundi hadi kundi nikisikiliza, na wakikwama nauliza swali. Asiye na mtandao mzuri anatuma ujumbe wa sauti.

Kuna mwanafunzi mmoja, fundi cherehani mwenye watoto watatu, wenzake walimbandika jina la Bubu. Muhula mzima hakuwahi kutoa neno. Wiki ile alituma sauti ya dakika tatu akieleza kwa nini cherehani yake ya umeme inamtekenya vidole. Kundi lake lilimwambia aizime mpaka soketi ikaguliwe. Ikakutwa haina kabisa waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Niliirudia ile sauti mara nne, kaka, kwa furaha tu.

Sasa sikia kosa langu. Mfumo wa chuo unahesabu kuwa mwalimu anafundisha pale tu slaidi zake zinapokuwa kwenye kioo. Siku ile ya maiki nilipata alama zote. Safari hii imeonekana nimefundisha dakika sita kati ya tisini, nikapewa barua ya kujieleza.

Alhamisi nikaitwa. Walikuwa watatu mezani: mkuu, mwalimu wa taaluma na katibu. Niliwaambia wasinisikilize mimi, wampigie mwanafunzi yeyote wamtakaye. Wa taaluma akashusha kidole kwenye orodha, kikatua kwa Bubu. Simu ikawekwa mezani, kila mtu asikie.

"Mwalimu wako amekufundisha nini wiki hii?"

"Hajanifundisha kitu."

Wa taaluma akaandika upesi.

"Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu," Bubu akaendelea. "Yeye kazi yake kuniuliza tu mpaka nikamchoka. Nikisema nimeelewa, ananiuliza, umejuaje?"

Mkuu akamuuliza aliwafundisha nini hao wenzake. Basi akaanza na cherehani, akaja kwenye waya wa ethi, akaeleza umeme uliopotea njia unavyomtafuta mtu wa kumpitia. Alipomaliza akauliza, "Na nyie hapo ofisini, soketi zenu zina ethi? Mmejuaje?" Mkuu alikuwa ameshika birika lake la umeme, akaliachia taratibu.

Usidhani nilishinda. Walimshukuru, wakakata simu, wakanipa fomu. Nikiri kwamba sikufundisha, na niahidi kuweka slaidi kwenye kioo dakika zisizopungua sitini kila kipindi. Nisipotia sahihi kufikia Jumatatu, darasa anapewa mwingine nami nahamia stoo kugawa nyaya na koleo.

Naiogopa hiyo stoo, sitakuficha. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na hakuna kazi nyingine ninayoipenda hivi. Lakini nikitia sahihi, nitakuwa nimemwambia yule mama arudi kwenye ububu wake ili mimi nionekane nafanya kazi. Siwezi.

Tulipotoka, mkuu alinivuta pembeni akasema kwa upole, "Kaka yako akinipigia tu, tutalimaliza hili kimyakimya." Umeona, kaka? Simu yako ndiyo itakuwa sahihi yangu. Atasema familia imekiri, na Jumatatu slaidi zitarudi kwenye kioo.

Fomu nimeshairudisha jana. Palipoandikwa "sikufundisha" nimepiga mstari, juu yake nikaandika "nilifundisha, waulizeni", ndipo nikatia sahihi. Katibu alinitazama kama mtu aliyeona nyoka. Shemeji yako alininunia jioni nzima, lakini asubuhi aliniletea chai kitandani, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane, kwa hiyo naona yuko upande wangu.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekipenda. Msalimie binti yako mkubwa, nasikia anakesha na hesabu. Mwambie akikwama anitumie sauti, ila asitegemee nimpe jibu. Na rafiki yako kinyozi asiye na nywele, salamu zake pia. Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini.

Mungu akulinde na akujalie afya. Kwake niombee yote unayoweza, kaka. Kwa mkuu usiniombee chochote.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Mbishi