Otmari, Yavue Matairi Hayo Kabla Hujapakia Watu

Otmari, mume wangu mdogo,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia hukohuko uliko, na uitikie kwa sauti, maana simu zangu huzipokei.

Anayeandika ni shangazi yako Skolastika, kwa sababu mimi shule niliipita kwa nje nikiwapeleka mbuzi malishoni. Nimemwambia asilainishe neno hata moja. Amekuna kichwa, ameandika. Na barua hii siifungi. Kondakta wa basi atakayeileta huko Namasakata nimempa ruhusa aisome kwa sauti pale ghalani kwenye korosho, watu wote wasikie, hasa hao wanaotaka kupanda nyuma ya gari lako. Aibu utakayoipata uivae. Hiyo angalau itakuenea, siyo kama yale matairi.

Nakumbuka jioni uliyokuja nayo hapa Bombambili. Nilikuwa uani napepeta mahindi. Nikasikia honi ya pikapu yetu, nikainua macho, nikaona gari nisilolijua. Bati lilelile lililobonyea, mlango uleule wa kufunga kwa kamba, lakini miguuni limevaa matairi meusi, manene, yana meno kama ya trekta, yamejaa mpaka kati yake na bati hapana pa kupitisha kidole. Ukashuka na miwani ya jua, na jua lenyewe lilishazama.

"Shikamoo bibi. Umeona gari lilivyosimama?"

"Marahaba. Limesimama kama ng'ombe aliyevalishwa gambuti."

"Bibi nawe! Hii ndiyo habari ya mjini sasa hivi."

"Mjini gani? Sisi tunakaa wapi, porini?"

Ukacheka, nami nikacheka, maana kukutania ni haki yangu. Una jina la babu yako, kwa hiyo wewe ni mume wangu, na mume mwenye miwani gizani lazima achekwe. Lakini kesho yake nilipotaka unipeleke sokoni, mguu haukufika. Ukaniletea ndoo, ukaipindua, ukaniambia nikanyage. Mimi, Otmari! Mimi niliyepanda pikapu ile nikiwa nimekubeba wewe mgongoni na debe la mahindi mkononi, leo napandishwa kwa ndoo kama kuku anayewekwa juu ya kichanja. Njia nzima ulikuwa unaangalia dirishani uone nani anakuangalia. Hakuna aliyekuangalia. Watu walikuwa wananunua nyanya.

Nilikwenda mwenyewe kwa fundi wako kumuuliza. Nilifikiri nitamkuta mjinga, nikakuta mjinga ni wa kwetu.

"Mama, nilimwambia," akaniapia. "Tairi kubwa namna hii, gari linyanyuliwe kwanza, springi na shokapu, ndipo livae. Nikamwambia hata mshale wa mwendo utaanza kusema uongo, na breki zitachelewa kushika. Akasema, weka hivyohivyo, likigusa tutakata."

Na mkakata. Mkachukua grenda mkayakata madigadi ya gari la marehemu babu yako kama mtu anayepunguza kucha. Halafu mkajaribu. Hapo ndipo mnaponichosha. Mkazungusha usukani kushoto, mkazungusha kulia, pale pale uwanjani kwa fundi, gari tupu, na dereva mwenyewe ni wewe, mwenye uzito wa kuku tembe. Halikugusa. Mkapigana viganja.

Sasa niambie, nani Songea hii ana pikapu ya kutembeza tupu? Pikapu ikinunuliwa hapa imeshaajiriwa na mtaa mzima. Ni mbolea, ni mahindi, ni tumbaku ya Namtumbo, ni kitanda cha bibi harusi, ni mgonjwa, ni jeneza. Gari likibeba, linakaa. Likikaa, bati linashuka. Likishuka, linakutana na nini? Hata mimi niliyekwenda shule ya mbuzi najua hilo. Wewe ulipewa leseni.

Lakini hukuanza leo. Ulipokuwa mdogo ulitengeneza kigari cha waya, kizuri kweli, hata babu yako alikisifu. Magurudumu ukayakata kwenye malapa yangu mapya. Siyo ya zamani, mapya! Ukayakata makubwa kupita kigari chenyewe, yakakwama kwenye waya, ukakivuta kama mtu anayevuta mbwa asiyetaka kuoga. Ukalia. Nilikuchapa kwa lapa lililobaki, kisha nikakaa chini nikakusaidia kuyapunguza, mpaka kikatembea, ukalala nacho kifuani. Nilidhani somo limeingia. Kumbe liliingia kwenye malapa.

Babu yako pikapu ile alikuwa nayo kimya kimya. Matairi yake membamba, yanachekesha, kama miguu ya korongo. Mtu akimwambia, "Mzee, weka matairi ya kibabe," anajibu, "Ubabe nimemwachia mke wangu." Alipitia tope la masika, alipitia vumbi, akawabeba watu wa mtaa huu wakiwa hai na wakiwa maiti, na sijasikia mtu akishuka anajipapasa mifupa. Wewe ulikuwa unakula ugali humo ndani, sahani juu ya mapaja yake, unashika usukani kwa mkono wenye mboga. Ule usukani mpaka leo una alama za vidole vyako. Ndiyo maana alipofariki nilisema mbele ya baba zako wadogo, gari ni la Otmari. Walinuna. Niliwaacha wanune.

Sasa tuje kwenye msiba wa Namtumbo, maana najua hapa ungependa nipapite.

Kondakta, soma vizuri hapa.

Jumuiya yetu ilikuwa inakwenda kuzika. Unajua tulivyo: msiba hauendewi mikono mitupu. Tulipakia unga, maharage, kuni, masufuria makubwa, kisha tukapanda akina mama juu yake, tunaimba. Tulipotoka tu nikasikia kwaruu, kwaruu, upande wa kushoto. Nikagonga kioo cha nyuma.

"Otmari, nini hicho?"

"Kelele tu bibi! Ni mapya, yatazoea!"

Yatazoea! Tairi ni kiatu? Litapanuka likivaliwa? Gari lilikuwa linanuka mpira unaoungua, akina mama wameacha kuimba wanaziba pua, wewe mbele umefungulia muziki. Ikaja ile kona ya mteremko. Ukakata. Gari likainama na mzigo wake wote upande mmoja, na lile bati mlilolikata kwa werevu wenu likalishika tairi kama fisi aliyeshika mfupa. Usukani haukurudi. Nilikuona mgongo wako, mjukuu wangu. Nilikuona unavuta kwa mikono miwili na haurudi. Tukaingia mtaroni na masufuria yetu.

Mungu alikuwepo, vinginevyo tungezikwa sisi. Mwenzetu Akwilina wa jumuiya mkono wake ulivunjika. Bado amefungwa hogo, anapalia bustani kwa mkono mmoja na hakutukani, jambo ambalo mimi silielewi. Unga ulimwagika. Wafiwa walikaa mpaka jua linakaribia kuzama wakingoja sufuria za kupikia waombolezaji, na sisi tuko barabarani tumekaa juu ya kuni kama ndege waliolowa. Na wewe ulisema nini? Nilikusikia. Ulimwambia mwenye lori aliyetuvuta, "Barabara hii mbaya sana." Barabara! Lami ileile, kona ileile! Nikakuambia mbele ya watu, "Barabara haina kosa, kosa lina miwani." Wakacheka wote, hata Akwilina na mkono wake. Wewe hukucheka.

Ukalinyanyua gari kwa jeki, ukaligonga bati kwa nyundo, ukatufikisha kwa mwendo wa kinyonga. Tuliporudi nyumbani, kesho yake asubuhi kitanda chako kilikuwa kitupu. Nikaletewa ujumbe kwenye simu ya shangazi yako: nimeenda Tunduru, msimu wa korosho.

Nilikuwa nimeamua kukuacha. Mwanamume akinuna, mpe nafasi ya kununia. Lakini juzi dereva mmoja wa basi alikuja kunisalimia, akasema, "Bibi, mjukuu wako nimemwona hukohuko Tunduru, Namasakata. Matairi yake ni yaleyale. Ameyakatia bati tena, siku hizi hakati kona kwa mara moja, anakata, anarudi nyuma, anakata tena. Anabeba korosho, na jioni wabanguaji wanapanda juu ya magunia, akina mama na watoto wao."

Otmari, palepale nikamwita shangazi yako alete kalamu.

Unajua. Hilo ndilo lililoniinua. Mtu anayekata kona kwa kurudi nyuma anajua usukani wake haurudi. Siku ya kwanza ulikuwa mjinga, na ujinga nimeukuta nyumba nyingi, hauui mapenzi. Lakini mtu anayejua, halafu anamwambia mama wa watu "panda, tunafika," huyo simjui, hana jina la mume wangu. Akina mama wa Namasakata mnaosikia haya, asalamu alaykum, msipande. Tembeeni. Mwambieni bibi yake amekataza, na akiwafokea mwambieni bibi yake yuko njiani.

Ndiyo. Nakuja. Matairi ya babu yako fundi alikuwa amempa jirani ayakate yawe vyombo vya kuwanyweshea nguruwe. Nimemnyang'anya. Alhamisi yatakuwa juu ya keria ya basi, na mimi ndani, kiti cha dirishani, na kuku wawili wa kupikia pilau lako, kwa sababu dereva amesema umekonda. Siji kubembeleza. Sina radhi ya kuomba. Nililokuambia Namtumbo nitalirudia nikifika, na mengine nitayakusanya njiani. Ukitaka kuniita mchawi, niite, lakini uniite huku umeshika spana.

Usije stendi na soda. Njoo na jeki. Tukae palepale kando ya basi, tufungue moja moja, uyauze hayo ya ubabe kwa mwenye gari lililonyanyuliwa, umpelekee Akwilina anachostahili, kisha tule.

Na ukija mikono mitupu, basi sigombani nawe. Nitapanda nyuma ya gari lako, juu ya magunia, upande wa kushoto unaokwaruza, na kuku wangu mapajani. Wewe washa, uniendeshe mpaka kwenye kona. Tuone kama utaikata.

Kaa salama, mpumbavu wangu, mpaka nifike.

Mkeo wa uzeeni,
Bibi