Sumu Uliyomtia Wifi Yangu Mkononi

Baba Neema,

Neno "mpendwa" nimelitafuta nikalikosa. Nakuita kwa jina la mtoto, maana ndilo tu lililobaki kati yetu. Nasikia huko Dar unaitwa mwandishi mashuhuri wa hadithi za upelelezi. Hongera zako. Sisi tuliokufulia mashati tunakujua.

Unakikumbuka chumba chetu cha Sombetini? Uliamka jua limeshapanda, ukataka chai ya maziwa na kimya. Neema akikohoa unagonga meza: "Mama Neema, mtoto huyo! Nimefika penye maiti." Kila siku ulikuwa penye maiti. Mpelelezi wako alivaa koti refu, alivuta sigara za kigeni, alinusa mlango tu akamjua muuaji. Wewe mwenyewe ulishindwa kumjua aliyekuwa anatuibia nguo kambani, na alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nilikuwa nikikucheka jikoni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani sabuni zimejaa, mitumba imemwagwa mpaka sokoni Tengeru, na magazeti ya watu binafsi yanachipuka kama uyoga. Gazeti moja likakupa ukurasa wa hadithi. Ikabidi kila wiki upate kifo, na kichwani mwako vifo vilikuwa vimekwisha. Ndipo ulipoanza kupenda misiba. Wewe uliyekwepa hata harusi ya ndugu yako, ukawa wa kwanza kukaa kwenye moto wa matanga, uso umeuinamisha, masikio wazi. Watu wakasema una utu. Utu gani? Ulikuwa unavuna.

Halafu akafa kaka yangu Zakaria. Alianguka shambani Nduruma akielekeza maji ya mfereji kwenye mahindi. Asubuhi alikuwa amekunywa mbege, pombe ya ndizi aliyopika mkewe, kama siku zote. Daktari alisema ni moyo, na ulikuwepo aliposema. Bado ukamsogelea wifi yangu, Mama Elibariki, ukamuuliza kwa upole, "Shemeji, mwisho alikunywa nini?" Akakusimulia yote huku analia, akidhani unampa pole.

Kwetu Meru, kama kwenu Kilimanjaro, anayekukaribisha mbege huionja kwanza mbele yako, ndipo anakupa kata. Hapo unajua uko salama. Wewe ukakaa Sombetini ukitafuta namna ya kuivunja desturi hiyo, na siku uliyoipata uliruka kama mtoto. "Mjane anaonja upande huu, sumu ameipaka upande ule wa kata! Hakuna aliyewahi kuliwaza hili." Nikakuambia watamtambua wifi, maana hukubadilisha hata mguu wake anaouburuta. Ukanijibu, "Hadithi ni hadithi."

Gazeti likasomwa kwa sauti sokoni Tengeru, palepale wifi alipokuwa akiuza mbege tangu aolewe. Wiki hiyohiyo wanywaji wakahama. Mzee mmoja wa kanisani alipokea kata, akaigeuzageuza, akairudisha: "Nimeshiba, mama." Hakuna aliyemshtaki. Angeshtakiwa angejibu. Hata mama yangu mzazi, mkwewe, akaanza kujipikia mwenyewe.

Nilikuomba jambo moja. Uje Nduruma Jumapili, watu wakitoka ibadani, upokee kata mkononi mwake, unywe. Basi. Hukuacha hata kutafuna. "Mwandishi haelezi kazi yake," ukasema, na ukaniomba chumvi. Ndiyo siku niliyokuacha. Nasikia unawasimulia watu kwamba nilikuonea wivu kwa wanawake wa mjini. Usijipe sifa.

Sasa umemtuma Neema. Unataka hadithi ile iwe kitabu, na unauliza mjane anaendeleaje, ili upate mwisho mzuri. Huna haya kabisa. Lakini mwisho ninao, chukua.

Mwezi uliopita Elibariki alipata kipaimara. Mama yake alipika mbege, na watu wakaja kwa kuona aibu kutokuja. Akachota, akaonja. Wote wakatazama chini. Akaigeuza kata, akaonja upande wa pili. Kisha akaupitisha mdomo kwenye ukingo mzima, polepole, mbele ya wageni, ndipo akamkaribisha mama yangu. Mama akapokea, akanywa yote. Wengine wakafuata. Nikasema moyoni, afadhali, yameisha.

Jioni wageni wameondoka, Elibariki akaomba maji. Mama yake akachota kikombe, akaonja upande huu, akakigeuza, akaonja na upande ule, ndipo akampa mwanawe. Hakuna aliyemdai. Mtoto naye alisubiri tu, kama aliyezoea.

Liandike hilo, Baba Neema, kama unaweza. Kwangu usitume mtu tena.

Mimi,
Wifi yake Mama Elibariki