Mpunga wa Wachezaji

Ubaruku, Mbarali
Tarehe 6 Julai

Gwakisa,

Kabla sijakusalimu nikuulize: nani alikutuma useme redioni kwamba Makoye aliuza mechi? Ulimwona akipokea? Ulikuwa huko Dar es Salaam umekaa benchi, mechi yenyewe hukuiona hata kwa dakika moja, halafu unafungua kinywa mbele ya nchi nzima unamtaja mwenzio kwa jina lake na la baba yake. Mdomo wako umekua kuliko miguu.

Haya, sasa ugonile, mjukuu na mume wangu. Habari ya huko na hilo joto lenu, na kile kifundo cha mguu kimepona? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mgongo unanisumbua lakini jaruba langu nimevuna mwenyewe, sikumwita mtu. Dada yako Goodness alitaka aniandikie haya kwenye simu, nikamkatalia. Wewe ukisikia maneno makali unasema mtandao unakata. Karatasi haikati. Nilifika darasa la nne, herufi zangu ni kubwa, utazisoma tu.

Timu yetu imeshuka daraja, hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi tunavyoishi nalo. Mwenyekiti Kalinga amezikunja nyavu za magoli akaziweka chini ya kitanda chake. Aroni, golikipa mliyekuwa mnamwita Ukuta, anabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa, na madalali wanamtania kwamba huko nako mizigo inampita. Uwanjani wanalisha mbuzi. Misimu mitatu Wakulima ya Ubaruku ilikaa Ligi Kuu na matajiri, na watu wa Mbeya mjini walikuwa wanatuuliza tunakula nini. Sasa hawatuulizi kitu.

Tulikuwa tunakula mpunga. Umesahau? Kila mwenye jaruba alitoa debe zake wakati wa mavuno, zikaja ghalani kwangu, na kila mwezi mchezaji alipata gunia moja la debe sita, nililopima mimi. Mfungaji gunia moja, golikipa gunia moja, na yule ambaye hajagusa mpira tangu msimu uanze gunia moja. Hela ya mlangoni ikipatikana mligawana, isipopatikana mlikula mpunga mkanyamaza. Hatukuwa na kitu kingine cha kuwafunga wale wakubwa ila huo usawa. Mtu alikimbia kwa sababu aliyekuwa pembeni yake alilipwa kama yeye.

Halafu mwezi wa kwanza, dirisha dogo la usajili, wakaja Mwambao Stars na gari lao lenye vioo vyeusi. Ulikuwa umefunga magoli tisa. Uliniambia mwenyewe kwamba mshahara wako wa mwezi mmoja kule ungeweza kulisha kikosi chetu msimu mzima. Sikukulaumu kwa kwenda. Mwenye njaa hakatazwi kufuata sahani. Lakini nilikuambia, na leo narudia: hawakukununua wakuchezeshe, walikununua tusiwe na wewe. Kuna watu huku wakiona dume zuri la jirani wanalinunua na kulifungia zizini, si kwa sababu wana shida na dume, ila wanataka ng'ombe wa jirani wasizae. Tangu mwezi wa kwanza umecheza dakika ngapi? Zote nilizisikia redioni, ni arobaini na moja.

Walipokuja kucheza na sisi kule Mbeya nilikwenda. Nilikaa na jirani yangu Lusia, tumebeba viazi vyetu. Wametufunga tano. Lusia akasema yule wenu kule anapasha misuli tangu asubuhi, atapasha mpaka aive. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nifanyeje. Kurudi, Kalinga aliongea njia nzima. Alisema hii ligi ni kama kuwatuma sokoni watu wawili, mmoja ana lori na mwenzake ana kikapu, jioni ukawauliza kwa nini hawakuleta mzigo sawa.

Ikabaki mechi ya mwisho, kule Iringa, mwezi wa tano. Tulikuwa tunataka sare tu. Makoye ndiye beki pekee aliyebaki mwenye kichwa cha kutuliza wenzake. Asubuhi gari likapiga honi mbele ya ofisi ya timu, Makoye hakuja. Wakamfuata nyumbani, akasema haendi, na sababu hakuitaja. Tukafungwa nne, na ndiyo tukashuka.

Watu wakatafuta sababu wenyewe, na unajua mdomo wa hapa. Wakasema kapewa hela. Wakasema hawa Wasukuma walikuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, timu siyo ya kwao, itawauma nini. Ulipoongea wewe redioni, maneno ya vilabu vya pombe yakawa ukweli. Baba yake, mzee Ndalahwa, alikuwa joshoni anaogesha ng'ombe, redio ikiwa imetundikwa kwenye mti, akasikia. Wanasema alimaliza kuogesha ng'ombe wote, ndipo akaishusha redio. Sasa maziwa ya mama Makoye yanachacha, wateja wamehamia kwingine. Na kuna timu nyingine ya Iringa, siyo ile iliyotufunga, ilikuwa imemwita Makoye, wamempima, wamempenda, wamemwandalia na karatasi ya kusaini. Baada ya redio kiongozi wao akamwambia arudi nyumbani, wao hawasajili muuza mechi. Usajili unafungwa Jumamosi tarehe ishirini. Makoye ana miaka ishirini na saba. Ikipita hiyo hakuna atakayemwita tena.

Sasa nisikilize, na kama kuna mtu karibu yako mwambie atoke.

Makoye hakuuza kitu. Sababu ya yeye kutopanda gari ni mimi.

Msimu uliopita ulipoanza niliona jinsi mawakala wanavyokuzungukazunguka. Nikajua kwa gunia moja utaondoka. Nikachukua debe la ghala, nikaligeuza, nikaligonga kitako kwa mchi mpaka kikaingia ndani. Ni ujanja wa walanguzi wa mpunga, niliowatukana maisha yangu yote. Kwa juu debe linaonekana limejaa, unapitisha fimbo kusawazisha, kila mtu anaona haki. Lakini kila gunia lilipungua karibu debe zima. Wachezaji ishirini na mmoja, mwezi mmoja: magunia matatu na kitu. Magunia ya ziada uliyokuwa unapewa na mimi, nikakudanganya ni ya jaruba langu, yalikuwa ya wenzio. Kila mwezi mpaka ule wa kumi na mbili. Nilitaka kushindana na wenye mabenki kwa debe, mimi mjinga. Ukala, na ukaondoka vilevile.

Na sikuacha. Ulipokwenda niliendelea, nikisema wasipokuchezesha utarudi, ukute ghala limejaa. Magunia kumi na mbili yapo chumbani kwangu, nyuma ya kitanda. Kila nikilala nawasikia panya wanayatafuna.

Makoye alipima gunia lake nyumbani, kwa debe la mama yake. Alikuja kwangu siku mbili kabla ya Iringa. Alivua kofia, akaniamkia shikamoo bibi, akasema huenda debe limepata ajali, akaniomba nirekebishe tu, hatamwambia mtu. Mtoto alinitengenezea mlango wa kutokea. Mimi nikaona haya, haya ikageuka hasira, nikamwambia mchunga ng'ombe hajui kupima mpunga, aende akapime mavi ya ng'ombe. Akavaa kofia yake. Akasema, bibi, siwezi kukimbia uwanjani kwa ajili ya watu wanaonipunja wakiniangalia usoni. Akaenda. Wamemtukana miezi miwili, wamemwita msaliti mbele ya mama yake, na mpaka leo hajanitaja. Ningekuwa yeye, ningemtaja huyu bibi siku ya kwanza.

Mambo haya wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Kesho baada ya ibada nampelekea Kalinga debe lenyewe, alishike kitako kwa mkono wake. Anifanyie atakalo. Lakini maneno yangu yataishia hapa Ubaruku. Watasema bibi kachanganyikiwa, anamkingia mtu. Iringa hawanijui mimi, wanakujua wewe, na uongo ulitoka kinywani mwako.

Goodness anakusalimu, anasema viatu ulivyomtumia vimembana. Lusia anakusalimu, na usimjibu chochote akikuuliza habari za benchi. Mchungaji anauliza kama huko unasali.

Sasa utafanya hivi. Barua hii ikifika, siku hiyohiyo rudi kwenye redio ileile, kwa mtangazaji yuleyule, useme ulisema uongo, useme mpunga ulikula wewe na mwizi ni bibi yako Tupokigwe, jina langu ulitaje lote. Ukimaliza, mpigie yule kiongozi wa Iringa kwa simu yako, usimtume mtu. Halafu uombe ruhusa, watakupa, hawakuhitaji. Ukishuka kwenye basi pale Igawa usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa mzee Ndalahwa, ukae chini mpaka akuambie uinuke.

Mimi bibi yako,
Tupokigwe